Alkoli ya Bwana Mayai

Walimzika Saidi Ramazani kwa heshima zote na kwa uongo mwingi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, sahani ya wali na samaki mapajani, nikimsikiliza mfanyabiashara mmoja mwenye boti mbili akieleza maisha ya marehemu. Alisema kwamba zamani za Wabelgiji, Saidi alisoma sura ya Kurani juu ya chupa ya mzungu, na samaki waliokuwa ndani ya chupa wakazaliwa na jicho moja katikati ya uso, ili wamtazame mwizi. Watu wakaitika kwa sauti nzito, kana kwamba walikuwepo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Wengi hawakuwa wamezaliwa, na baba zao, ambao walikuwepo, ndio waliompa Saidi kisogo. Kijana aliyekaa kando yangu, mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari, aliniinamia sikioni. "Papa, mambo ya sura mi siamini," akasema. "Lakini mwalimu wetu wa zamani alitufundishaka kama ngege wa ziwa letu haiumizwe na pombe. Hata mayai yake. Banasema muzungu mumoja alihakikisha ile neno hapa hapa Baraka. Iko kweli?" Nikaweka mwiba wa samaki kwenye ukingo wa sahani. Uongo wa kwanza niliweza kuumeza pamoja na wali, kwa sababu ni wa watu wanaopenda hadithi. Huu wa pili ulinikwama, kwa sababu ni wa watu wanaojiita wataalamu, na niliushuhudia ukizaliwa.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa kijana anayedhani kuuliza swali ni ushujaa. Nilikuwa nimefukuzwa kwa mwaka mmoja kutoka chuo kikuu cha Leopoldville, kwa kosa la kumuuliza padri wetu wa falsafa, mbele ya darasa, kama aliwahi kukutana na roho ya mtu nje ya mwili wa mtu. Alijibu kwamba swali hilo linaonyesha kiburi. Nikamwambia kwamba hilo si jibu. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye meli na treni nikirudi mashariki. Ya wazazi wangu na walivyopokea habari hiyo nayaacha, hayana jipya. Nilifika Baraka, nikasikia kwamba kuna mzungu anatafuta mtu anayejua Kifaransa na anayeweza kutumia hadubini. Nilikuwa mtu pekee katika sehemu zile mwenye sifa hizo mbili na asiye na kazi.

Mzungu huyo alikuwa ametumwa na kituo cha uchunguzi wa ziwa kilichokuwa kaskazini, Uvira. Jina lake halisi halina faida. Watu wa Baraka walimwita Bwana Mayai, na hakuna jina lililomkaa vizuri zaidi. Walimpa ghala ya zamani ya pamba karibu na ufuko. Kuta zilikuwa bado na vumbi jeupe lililoganda kwenye nyufa, na joto likipanda mchana harufu ya mbegu za pamba ilirudi, nzito kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi. Ndani kulikuwa na meza ndefu, mitungi ya kioo iliyopangwa kwa safu, hadubini moja chini ya kitambaa, na kwenye kona kabati la chuma. Ndani ya kabati lile kulikuwa na damijani, chupa kubwa iliyovishwa kikapu, imejaa alkoli safi. Ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye mnyororo shingoni mwa Bwana Mayai, kando ya msalaba. Ilibidi iwe hivyo. Sheria ya wakati ule ilisema mtu mweusi hana ruhusa ya kugusa vinywaji vikali. Bia sawa, kwa saa walizopanga wao. Lutuku, ile pombe kali ambayo mama zetu waliipika kwa mahindi na mihogo, ilimpeleka mpishi wake na mnywaji wake buloko, gerezani, pale Fizi, makao ya wilaya juu mlimani. Sisi tulioitwa waevoluwe, yaani weusi waliofuzu kula kwa uma, tulikuwa tunaandika barua za heshima kuomba ruhusa ya kunywa mvinyo. Niliwaona wenzangu wa Fizi wakijadili barua kama hiyo jioni nzima, wakibishana juu ya mahali pa kuweka neno "mtiifu". Nikaondoka kabla hawajapata mahali pake.

Kazi yetu ilikuwa hii. Ngege, samaki ambaye wengine humwita perege, jike lake hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Saidi alikuwa mvuvi kabla ya kuajiriwa. Alimchukua samaki mikononi, akambonyeza mashavu kwa vidole viwili, na mayai ya manjano yakamwagika kwenye bakuli kama punje za mahindi. Bwana Mayai aliyagawa kwenye mitungi: mmoja maji matupu ya ziwa, mwingine maji yenye alkoli kidogo, mwingine alkoli zaidi. Halafu tulitazama. Nakiri kwamba kutazama kule kulinishika kuliko kitu chochote nilichofundishwa Leopoldville. Juu ya kiini cha manjano kuna kofia ndogo ya kioo. Inagawanyika, kila kipande kinagawanyika tena, halafu kofia inaenea na kushuka kuufunika mviringo wote. Baadaye unatokea mstari, na mwisho mmoja wa mstari unavimba kuwa kichwa. Mahali pa macho panaanza kama doa moja. Hilo ndilo jambo watu hawalijui: macho mawili huanza kama sehemu moja, kisha sehemu hiyo inajitenga, moja kushoto na moja kulia. Alkoli ikiingia mapema, kabla ya kutengana, kazi inasimama hapo hapo. Kiinitete kinaendelea kukua, moyo unaanza kupiga, mkia unatikisika, lakini usoni kuna jicho moja kubwa, katikati, linalokutazama kutoka kwenye hadubini bila lawama yoyote. Ikiingia kwa kuchelewa, macho yanakuwa mawili lakini madogo, mgongo unapinda, mfuko wa moyo unajaa maji. Alkoli ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kinachoamua ni wakati ilipogonga mlango.

Mayai haya yana tatizo. Mdomoni mwa mama hayatulii; mama anayageuza bila kuchoka, na yakitulia yanaota ukungu mweupe na kufa. Kwa hiyo Saidi aliyapembeza. Alikaa kwenye kiti kifupi kati ya mitungi miwili, mkono mmoja kwenye kila mtungi, akiitikisa kidogo kidogo kutoka asubuhi mpaka mchana, midomo yake ikisoma anachosoma. Alikuwa Mwislamu wa familia za pwani ya ziwa, na kwenye msikiti wao mdogo wa udongo ndiye aliyekuwa muadhini. Sauti yake ilikuwa kavu na pana, bila mapambo. Mimi sikuwa wa dini yake wala ya mtu mwingine, lakini adhana ya Saidi ilikuwa kitu pekee Baraka kilichofika kwa wakati.

"Misie Wilondja," aliniuliza siku moja bila kuacha kupembeza, "huyu muzungu anatafuta nini mu haya mayai?"

"Anataka kuonyesha kama pombe inaharibu mbegu, Yaya Saidi," nikamwambia, kwa jina la heshima tunalompa kaka mkubwa.

"Mbegu ya samaki?"

"Anaanza na samaki. Mwisho anataka kusema kama pombe inaharibu mbegu ya mtu mweusi, njo maana sheria inatukataza."

Saidi akafikiri. "Na mbegu ya muzungu?"

Nilimpelekea Bwana Mayai swali hilo, kwa Kifaransa kizuri. Alikuwa anakula parachichi kwa kijiko. Akanieleza kwa subira kwamba Mzungu amezoea pombe kwa vizazi vingi. Nikamuuliza tena, kwa kuwa mama mmoja aliyepika lutuku kwenye njia ya Mutambala, Mama Byaombe, alikuwa ameniuliza: je, mwanamke mwenye mimba akinywa, mtoto anapatwa na nini? Bwana Mayai akacheka. Mwanamke si samaki, akasema. Tumbo la mama linachuja kila kitu, daktari yeyote atakuambia. Mtu huyu aliamini kwamba samaki anaweza kumweleza habari za kabila zima, lakini hawezi kumweleza habari za mama mmoja mjamzito. Mama Byaombe, nilipompelekea jibu hilo, alinitazama kama mtu aliyeuziwa unga wenye mchanga. "Basi ile lutuku yangu nayo anaichuja?" akasema. "Mi sitauzia tena mwenye tumbo. Bacheke kama banataka kucheka."

Sasa, Bwana Mayai alikuwa mlevi. Halikuwa jambo la siri sana. Mke wake, Madame, alikuwa amefunga konyaki yote nyumbani na kumwonya Mgiriki wa dukani asimuuzie hata tone. Kwa hiyo ndani ya ndoa ile kulikuwa na funguo mbili: Madame alikuwa na ufunguo wa konyaki, na mume alikuwa na ufunguo wa alkoli ya samaki. Mimi, na akili zangu zote za chuo kikuu, sikuunganisha mambo hayo mawili. Niliona tu kwamba mitungi yetu ilikuwa inapoteza makali. Mwanzoni mwa mwaka, mtungi wa alkoli nyingi ulitoa jicho moja karibu kila yai. Baadaye yalitoka mawili madogo. Baadaye samaki walitoka wazima, wakaogelea kwa furaha ndani ya kile kilichoandikwa sumu.

Ndipo akaja mkaguzi kutoka Uvira, mtu mkavu mwenye begi la ngozi. Alitumbukiza kwenye alkoli yetu kipimo cha kioo kinachoelea, akakitazama, akakitoa, akakifuta, akakirudisha. "Hii ni maji," akasema. Nilikuwa nimesimama pale. Niliuona uso wa Bwana Mayai ukitafuta pa kwenda. Haukutafuta muda mrefu. Ukageuka ukaangukia kwenye kiti kifupi, kwa Saidi, ambaye mikono yake ilikuwa bado kwenye mitungi.

"Huyu," akasema Bwana Mayai. Kisha kwa Kiswahili chake cha amri: "Wewe nakunywa alkoli ya serikali. Wewe natia maji."

Saidi alisimama. "Bwana, mi sikunywaka hata bia tangu kuzaliwa. Ufunguo iko ku shingo yako."

"Ninyi hapana lazima ufunguo," akasema Bwana Mayai, na mkaguzi akatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa hilo nalo lilikuwa jambo linalojulikana kisayansi.

Walimpandisha Fizi kwenye kamyo, lori la mihogo. Hukumu ilikuwa fupi. Nilisikia kwamba ilimalizika kabla chai ya administrateri, mzungu mkuu wa wilaya, haijapoa. Lakini kilichomchoma Saidi si buloko. Ijumaa ile ile, wazee wa msikiti walikaa, wakasema kwamba mtu aliyehukumiwa kwa kunywa hawezi kuwaita watu kwenye sala. Hawakumuuliza. Hawakupanda Fizi kumuuliza. Walijua tangu utoto wake kwamba hanywi, na karatasi moja ya mzungu ikafuta walichokijua. Walimweka mahali pake mpwa wa mmoja wao, kijana aliyeadhini kama mtu anayeuza mkaa. Mke wa Saidi, Mama Zaina, alinipikia ugali na dagaa nilipokwenda kumpa pole, akaweka sahani chini, akabaki amesimama mlangoni. "Alinituma kwako," akasema. "Anasema fimbo haimuogopeshe, hata kazi ya barabara. Anasema tu: bamurudishie sauti yake. We njo unajua mambo ya ile nyumba. Utafanya nini?"

Nilimwambia sijui. Nilikula dagaa wote, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Damijani mpya ilikuwa imeletwa na mkaguzi mwenyewe, imefungwa kwa lakiri, akaipima mbele yetu na kuridhika. Ikaingia kabatini, ufunguo ukarudi kando ya msalaba. Sasa nilipembeza mayai mwenyewe. Mikono iliniuma mpaka mabegani na nilijifunza kwamba Saidi hakuwa anatikisa tu. Alikuwa na mwendo fulani, na mimi sikuwa nao, kwa hiyo nusu ya mayai yangu yaliota ukungu. Yaliyobaki, kwenye alkoli ya damijani mpya, yalitoa jicho moja, kama mwanzoni mwa mwaka. Nilitazama viumbe wale kwa furaha ya ajabu. Ngege hakuwa amebadilika. Kisha mvua zikaendelea, Bwana Mayai akarudia desturi yake ya kubaki ghalani peke yake jioni, baada ya mimi kuondoka, na mayai ya ngege wengine, kwenye alkoli ya damijani ile ile, yakatoka na macho madogo. Na waliofuata wakatoka wazima. Saidi wakati huo alikuwa Fizi akichimba mtaro wa barabara. Na kwa kuwa Saidi hayupo, mimi ndiye niliyemwaga taka za ghala. Ndani ya ndoo kulikuwa na maganda ya ndimu, mengi, yamekamuliwa vizuri, na hakuna yai letu lililowahi kuhitaji ndimu.

Nilimwonyesha Bwana Mayai samaki wazima. Nilitaka kuona atakachofanya. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, na alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na machozi au ulevi. Angeweza kusema: kuna kosa. Angeweza hata kunishtaki mimi. Badala yake alisema, kwa sauti ya mtu aliyefunuliwa jambo: "Wamezoea. Ngege wa ziwa hili wanavumilia alkoli." Akaenda kuandika. Kwa siku nyingi aliandika kwa bidii, akiwa na rangi usoni, ameacha hata parachichi. Nimekutana na watu wengi wa elimu tangu wakati ule, na baadhi yao wana sifa kubwa, lakini sijakutana na mwingine aliyekunywa jaribio lake mwenyewe halafu akatangaza matokeo.

Nilikwenda kwa Mama Byaombe nikachukua chupa ya lutuku. Hakutaka kujua ni ya nini, alisema tu, "Jina langu likitokea, nitakujia na mwiko." Nikachukua mayai ya ngege mmoja, mama mmoja, siku moja, nikayagawa mafungu matatu: maji ya ziwa, alkoli ya Bwana Mayai, lutuku. Nikayapembeza kwa mwendo niliokuwa nimeanza kuupata. Katika maji, wazima. Katika alkoli ya Bwana Mayai, wazima. Katika lutuku ya Mama Byaombe, jicho moja, katikati. Nilifunga mitungi mitatu kwa kitambaa, nikaazima hadubini bila kuomba, nikapanda kamyo ya kwenda Fizi nikiwa nimeipakata yote kama mtu anayesafiri na watoto wachanga. Njia inapanda kwa mizunguko. Kila shimo nilikuwa nasikia maji yakigonga vifuniko. Mama mmoja aliyebeba kuku aliniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni mashahidi. Akahama akakaa upande wa pili.

Fizi kuna baridi na kuna ofisi, na watu wa pale huvaa makoti kwa sababu zote mbili. Administrateri alikuwa mtu wa makamo, si mjinga, na hilo ndilo sitamsamehe. Mjinga angenifukuza. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Aliinama kwenye hadubini, akatazama mtungi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa tatu alishtuka, akatazama tena.

"Kwa hiyo alkoli yake ni maji," akasema.

"Ilikuwa alkoli ilipoletwa. Ngege wa kwanza walikuwa na jicho moja. Imekuwa maji wakati Saidi yuko kwako, kwenye mtaro ule ninaouona dirishani."

"Basi ni wewe uliyekunywa."

"Nipime, mheshimiwa. Kisha pima mwenye ufunguo."

Alitoa sigara, hakuiwasha. Nilijua kwamba ameelewa kila kitu, tangu mnyororo hadi ndimu, na kwamba alikuwa anatafuta njia ya kutoelewa. Aliipata kwenye mtungi wa tatu. Akaugonga kwa kucha. "Na hii? Hii ni lutuku. Nani alikupa?" Nilikuwa nimeingia ofisini mwa mwakilishi wa serikali nikiwa nimebeba kinywaji kilichopigwa marufuku, na ndani ya kinywaji hicho, samaki wenye jicho moja. Nikauvuta mtungi upande wangu. "Sikiliza, kijana," akasema, na sauti yake ikawa karibu ya wema. "Hakuna mahali katika karatasi zangu pa kuandika kwamba mwanasayansi wa Kibelgiji amekunywa alkoli ya mayai. Lakini ninaweza kumsamehe mtu wako. Leo. Anatoka, anarudi nyumbani. Wewe unamwaga uchafu huu, nami sikuulizi jina la mwanamke. Unakubali?"

Nilikubali. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na nilidhani nimeshinda.

Walimleta Saidi kutoka mtaroni, matope mpaka magotini. Karani alisoma karatasi kwa Kiswahili: kwamba kwa huruma ya serikali, mfungwa Saidi Ramazani anasamehewa kosa lake la kuiba na kunywa alkoli. Akamsogezea wino aweke kidole. Saidi alitazama wino.

"Ninasamehewa nini?" akauliza.

"Kosa lako," akasema karani.

"Gani?"

Karani akasoma tena, kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Nikamsogelea. "Yaya Saidi, tia kidole. Uende kwako. Mimi na administrateri tunajua haukunywa."

"Anajua?"

"Anajua."

"Basi aandike." Akamgeukia administrateri mwenyewe, akasema polepole ili mzungu afuate: "Bwana, andika: Saidi hakunywa. Maneno hayo tu. Nitatia vidole vyote kumi."

"Siwezi kuandika hivyo," akasema administrateri.

"Nikitia kidole hapa, nitarudi Baraka na karatasi inasema nilikunywa na banihurumia. Mu musikiti nitasimama namna gani?" Akafuta mikono yake kwenye kaptula ya buloko, ingawa hakuwa amegusa wino. "Nitabakia. Mutaro haijaisha."

Akatoka mwenyewe, askari ndiye aliyemfuata. Administrateri aliwasha sigara yake hatimaye, akaniambia kwamba hii ndiyo shida ya watu wetu, hawajui kupokea. Nilimwaga mitungi mitatu nje, kwenye majani ya ofisi, wazima pamoja na wa jicho moja. Wazima nao walikufa. Niliteremka Baraka na hadubini tu, na hata hiyo Bwana Mayai hakuwa ameona kwamba haipo.

Habari ilifika kabla yangu, kwa sababu karani yule alikuwa na shemeji Baraka. Mtu amepewa msamaha, ameukataa, amerudi kwenye mtaro. Nilisikia ikisemwa ufukweni, wakati wanawake wanaanika dagaa, na dukani kwa Mgiriki, na kwenye foleni ya mashine ya unga. Mwanzoni walisema ameharibika kichwa. Kisha mama mmoja, mikono ikiwa imejaa magamba, akasema, "Mulevi gani anakataa kutoka buloko?" na kufikia jioni swali lake lilikuwa limefika mpaka kwenye mashine ya unga. Ndipo nikaelewa kwamba mitungi yangu ilimshawishi mtu mmoja tu, yule ambaye hakuwa na nia ya kusema.

Saidi alimaliza hukumu yake yote. Aliteremka kwa miguu, akapita nyumbani kuoga, na adhuhuri ile alikwenda msikitini. Mimi nilikuwa kituo cha kamyo na sanduku langu. Mwaka wangu wa kufukuzwa ulikuwa umekwisha na padri alikuwa ananingoja. Mpwa yule mwenye sauti ya muuza mkaa alikuwa tayari amesimama mahali pa kuadhini. Walioona wanasema Saidi hakumsukuma wala hakusema naye. Alisimama kando yake tu, akaweka mikono masikioni. Kijana akatazama wazee. Wazee wakatazama mikeka. Nikasikia ile sauti kavu na pana ikipita juu ya mabati ya Mgiriki na juu ya ghala ya pamba, ambamo mtu mmoja alikuwa anaandika kuhusu uvumilivu wa samaki, na hakuna aliyeikatiza. Mpaka jioni, nilivyoambiwa baadaye, wazee wote wa Baraka walikuwa wamejua tangu mwanzo kwamba Saidi hana kosa.

Ya mitungi na ufunguo nilimweleza yule mwalimu kijana chini ya turubai, kwa kifupi zaidi na bila ya ile karatasi ya msamaha, huku wasemaji wengine wakiendelea kumpamba marehemu. Alinisikiliza akiwa ameshika simu yake bila kuitazama, jambo ambalo siku hizi ni heshima.

"Basi mwalimu wetu alitudanganya," akasema.

"Alidanganywa. Na wewe usiniamini mimi. Tafuta ngege mwenye mayai, tafuta lutuku, tafuta mitungi. Tazama mwenyewe."

"Lutuku iko, Papa," akacheka. "Ngege wa vile njo bameisha." Kisha uso wake ukatulia, akatazama upande wa kaburi, ambako vijana walikuwa wanasawazisha udongo kwa majembe. "Na mwishoni, bale wazungu, balimusamehe?"

"Hapana," nikamwambia. "Aliwakatalia."